Upande wa Pili wa Minyaa

Kanisa letu la Presibiteri hapa Didia limejengwa kwenye shamba la pamba la baba yangu, Pantaleo. Alilitoa bure, akafyatua na matofali yake. Alipoomba ubatizo akaambiwa achague mke mmoja. Mama yangu Justa alikuwa wa kwanza, Lusia wa pili. Baba akauliza huyo atakayeachwa aende kwa nani. Akakataa kuchagua. Shamba lilipokelewa, mwenye shamba akabaki nje.

Basi kila Jumapili akawa anakuja na kigoda chake, anakaa chini ya dirisha, anaimba nyimbo zote kwa sauti nzito kuliko ya yeyote aliyekuwa ndani. Alipofariki tulimzika ng'ambo ya uzio wa minyaa, maana makaburi ya kanisa ni ya washirika tu. Mama alipofuata, yeye alilazwa ndani, kwa kuwa alikuwa amebatizwa. Nimeimba kwaya humo tangu usichana wangu, na hadi leo nikiuona ule uzio damu inanichemka.

Lusia, mama yetu mdogo, alibatizwa baada ya kufiwa. Mwaka huu alipozidiwa aliniita mimi, mtoto wa mke mwenzie, kwa kuwa mwanawe Donatus alikuwa machimboni Geita.

"Rhoda mwanangu," alisema, "Justa ana majirani. Baba yenu hana mtu. Mnilaze kwake."

Akafariki wiki hiyo hiyo.

Mchungaji Ignas si mtu mbaya, ila ni kijana, na anawaogopa wazee wa kanisa. Aliniambia kwa upole kwamba marehemu ana haki ya kulala ndani, na kwamba yeye hawezi kuongoza ibada nje ya uzio, taratibu alizikuta. Nikamwambia hata sisi tulizikuta, na zimetuumiza vya kutosha. Donatus alipofika hakubishana na mtu. Alichukua sururu, akachimba ubavuni mwa baba.

Siku ya maziko sisi wafiwa tulisimama nje na jeneza. Mchungaji alisimama ndani, kati ya makaburi, waumini nyuma yake, akaanza kusoma Neno kutokea huko huko. Minyaa imerefuka, hatukumwona, tulisikia sauti tu. Ndipo nikajua baba alikuwa akisali namna gani miaka yote ile. Nililia, na sikuwa namlilia Lusia peke yake.

Lango likafunguliwa. Mama mmoja wa kwaya akatoka, akazunguka uzio, akasimama nasi. Akafuata mwingine, kisha wakaja kwa makundi, wengine na watoto mgongoni. Wazee wa kanisa walichelewa, lakini walikuja.

Sauti ya Mchungaji ikaendelea mistari michache, halafu ikakatika. Nadhani aliinua macho akajikuta amebaki na makaburi.

Tukateremsha jeneza na kuanza wenyewe wimbo ambao baba aliupenda. Tulikuwa ubeti wa pili Mchungaji alipotokea langoni, macho mekundu. Watu wakampisha. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kumwambia, lakini nikaendelea kuimba.

Aliiweka Biblia yake juu ya kaburi la baba, akavua joho, akamwomba Donatus koleo.