Kidole cha Mama Viola

Mwalimu Nyongesa wa Kibabii alifundisha hesabu miaka thelathini na miwili, na hakuna mtoto aliyewahi kumletea daftari chafu akaenda nyumbani akicheka. Sasa mtu kama huyo utamwambiaje kwamba damu yake imeanguka mtihani?

Sukari ilipomshika, mwaka wa 2006, alikataa katakata kutibiwa hospitali ya Bungoma, karibu na kwao. "Huko wamejaa wanafunzi wangu," alimwambia mkewe, Nekoye. "Ati waone mwalimu wao ni mgonjwa?" Akawa anakwenda kliniki Kitale, ambako binti yao Viola alikuwa na duka mtaa wa Matisi. Viola alimnunulia mashine ya kupimia sukari, na daktari akampa insulini na daftari: kila asubuhi ajidunge kidole, apime, aandike.

Siku ya kwanza mashine ilisema kumi na saba. Ya pili, kumi na tisa. Daktari alizizungushia namba hizo kalamu nyekundu, na Mwalimu akarudi nyumbani. Maisha yake yote kalamu nyekundu ilikuwa yake. Siku hiyo hakula.

Kesho yake asubuhi alimwita mkewe. "Mama Viola, lete kidole."

"Changu?"

"Si pasta alisema sisi ni mwili mmoja? Wiki hii tu, bana. Nikipata nafuu nitapima changu."

Nekoye alicheka, akatoa kidole. Nani angemnyima mumewe tone la damu? Tano nukta mbili. Mwalimu akaiandika kwa mwandiko wake mzuri, akatabasamu, na Nekoye akafurahi kumwona hivyo. Hapo ndipo alipokosea, maskini.

Wiki ikawa miezi minne. Pale kliniki vipimo vilikuwa vimeisha, kwa hiyo daktari akaliamini daftari. Akamsifu Mwalimu mbele ya wagonjwa wote, kisha akampunguzia insulini. Mwalimu akawa anakunywa maji jagi baada ya jagi, akakonda, suruali zikawa hazikai kiunoni, naye akasingizia jua.

"Baba Viola, tumwambie daktari," Nekoye alimsihi.

"Uniaibishe?"

Kesho yake Nekoye akatoa kidole tena. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo Nekoye aliijua tangu utotoni, ila hakuna aliyemwambia kwamba anayesaidia kuficha hubaki hai.

Jumanne moja Mwalimu hakuamka. Walimkimbiza Bungoma, mikononi mwa wale wale wanafunzi wake, na aliyemfunika shuka ni daktari aliyefundishwa naye kujumlisha. Alilia bila kujificha.

Siku ya mazishi Viola alisimama na lile daftari. "Baba alipigana," alisema. "Sikieni: tano nukta mbili, tano nukta nne, tano nukta moja. Hakuruka hata siku moja." Watu wakapiga makofi. Nekoye alitamani azikwe yeye.

Viola aliporudi kuketi alimshika mamake mkono, akavipapasa vidole, akasita. Alivigeuza juani. Ncha zote zilikuwa na vitone vyeusi na ngozi ngumu.

"Mama," alinong'ona, machozi yakimtoka upya, "kumbe hata wewe uko na sukari?"

"Hapana, mwanangu," Nekoye alisema. "Mimi sina."

Viola alivitazama vile vidole, akalitazama daftari mapajani mwake, kisha akauachilia mkono wa mamake.