Mita Moja, Watu Kumi na Tisa

Idara ya maji walimwita Spana, na jina likamkaa sawasawa. Alikuwa mwanamke pekee kwenye kikosi cha mafundi, na nati zilizowatoa wenzake jasho alizifungua huku anapiga stori. Mama yake mzazi alifariki Spana akiwa hajaota meno ya pili. Akachukuliwa na mama mdogo, aliyemlea na kumsomesha mpaka akapata kazi, naye akazoea kumwita mama tu, bila kuongeza neno.

Mwaka ule mvua ziligoma mara mbili mfululizo. Bwawa la mji likashuka mpaka visiki vya zamani vikaonekana, na ikatoka amri: kila mita isizidi lita mia tatu kwa siku. Atakayezidisha mara tatu, bomba lake linawekewa kizibo, kipande cha chuma chenye kitundu kama cha sindano, maji yanapita kwa kudondoka. Kwenye karatasi amri ilikuwa ya haki kabisa, haikubagua mita ya mtu. Ila ilihesabu mita, haikuhesabu watu.

Asubuhi moja Spana alianzia kazi kilimani, kwa wenye nazo. Mtunza bustani wa nyumba ya kwanza alimfungulia geti, wakapita pembeni ya nyasi zilizokuwa zikinyunyiziwa, buti zake zikalowa. Bwawa la kuogelea lilijaa mpaka ukingoni. Mita ilisoma lita arobaini. Spana akaigonga kwa kidole, akidhani imekwama. Mtunza bustani akacheka, akamweleza kwamba bosi kachimba kisima chake, na kisima hakina mita. Maji ya bomba ni ya kuchemshia chai tu. Spana akaandika arobaini. Utaratibu ulisema nyumba iliyotumia chini ya nusu ibandikwe karatasi ya kijani ya pongezi. Akaibandika getini, akailainisha kwa kiganja.

Kazi ya mchana ilikuwa kizibo kimoja, na anwani yake aliijua kabla hajamaliza kuisoma. Ndiyo nyumba aliyokulia. Mama mdogo alipangisha vyumba vitano pale. Ukimjumlisha yeye na mumewe, watu kumi na tisa walikunywa, walipika na kuoga kwa mita moja. Na mumewe alikuwa mtu wa kitandani tangu kiharusi kimpige, hajigeuzi, haja zote hapo hapo. Mama mdogo alimwosha na kufua mashuka yake mara mbili kwa siku.

Spana alimpigia msimamizi, akaomba kazi hiyo apewe mwingine. Msimamizi hakuwa mkali. Alisema anaweza kumtuma fulani, ila fulani huwa anakata bomba kabisa ili asirudi mara ya pili. Spana akaona afadhali aende mwenyewe. Alijiambia kuwa hiyo ni huruma.

Alimkuta mama mdogo uani anakamua shuka. Akamwamkia, akaeleza yote huku macho yakiwa chini: amri, msimamizi, na kwamba atamletea maji kwa pikipiki kila asubuhi. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akaanika shuka, akazivuta pembe zake zikanyooka.

"Baba yako anaoga saa kumi," alisema. "Ngoja nimwoshe kwanza, halafu uweke."

Spana akangoja. Kupitia dirishani alimsikia akiongea na mumewe taratibu, na maji yakichuruzika kwenye beseni. Kisha Spana akapiga magoti kwenye mita, akaweka kizibo, akakikaza. Nati ilikuwa na kutu, ikamchukua muda. Wapangaji walisimama milangoni wakimtazama.

Kwa siku tisa alileta madumu mawili kila asubuhi. Siku ya kumi akapelekwa kwenye mabomba makuu nje ya mji, wiki tatu, kulala huko huko. Alimwomba mpangaji mmoja amsaidie mama. Mpangaji naye alikuwa na watoto wanne wa kuwaogesha. Kila Spana alipopiga simu, mama mdogo alisema hawajambo. Hakusema kwamba sasa anamfuta mumewe kwa kitambaa chenye unyevu, wala kwamba shuka moja linakaa siku tatu. Vidonda vilianzia mgongoni. Mgonjwa alipofikishwa hospitali, damu ilikuwa imeshaharibika. Akafariki siku ya nne.

Spana aliwahi mazishi akiwa bado na nguo za kazi. Alipiga magoti mbele ya mama mdogo, akamshika mikono. Ilikuwa mikavu, imepasukapasuka. Akataka kuomba radhi, akaishia kulia tu. Mama mdogo hakuivuta mikono yake. Alimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu uliyewahi kumwona mahali ukasahau ni wapi.

Ndugu mmoja wa marehemu, mwanamke aliyetoka mbali, akauliza huyu binti anayelia hivi ni nani wao.

"Ni mtu wa maji," mama mdogo akajibu.

Hakukuwa na hasira ndani yake, na hilo ndilo lililomuumiza Spana. Yule mwanamke akampa pole kama anavyopewa mgeni. Spana akainuka, akaenda kukaa nyuma kabisa, kwa wale waliokuja kwa ajili ya ujirani. Watu walipotawanyika alibaki kwenye benchi peke yake, mpaka mwenye benchi alipokuja kulichukua.