Gari Lisilo na Klachi

Herufi zilikuwa kando ya goti lake: P, R, N, D. Régine alizitazama, na mbele ya kioo Ziwa Mweru lilikuwa karibu mno.

Guy, mumewe, ndiye aliyelinunua gari hilo kuukuu la familia, lisilo na klachi, ili mkewe ajifunze upesi. Homa ikamwahi kabla hajamfundisha. Sasa Eddy, mdogo wa marehemu, alitaka kulibadilisha kwa gari la giya za mkono aendeshe mwenyewe. Bila gari, Régine angebaki uani kwa shemeji huyo hapo Nchelenge, akiomba ruhusa hata ya kwenda Kafutuma kununua samaki. Tangu vita viwavushe ziwa kutoka Pweto, mwaka mzima, hakuwa amefika popote kwa hiari yake. Ua ule ulimkaba roho.

“Motoka ya kukosa ambreyaji haiko motoka,” alisema Eddy, amesimama mchangani. “Lakini miye si mutu mubaya. Ukiirudisha nyuma mpaka ku barabara, inabakia yako.”

Kusoma Régine alijua, tena sana. Masista wa Pweto walimfundisha kwa Kifaransa, na herufi hizi akazisoma hivyo hivyo: R ni *rouler*, kwenda, D ni *derrière*, nyuma. Basi akavuta D, akakanyaga mafuta.

Gari likaruka mbele. Maji yakalamba bampa, magurudumu yakajichimbia, wavuvi wakaangua kicheko. Aibu ilimchoma hadi machozi yakamlenga.

“Shuka,” Eddy akasema. “Imekwisha.”

Hakushuka. Angeshuka aende wapi?

Ackson, mvuvi aliyewahi kuwa dereva wa bwana shamba, akajongea majini hadi dirishani. Hakucheka. “Mama, hizo herufi ni za Kiingereza. R ndiyo ya kurudia nyuma. Na ile fimbo fupi, weka N kwanza, kisha uivute, magurudumu yote manne yasukume. Panono panono, polepole tu.”

Régine akaweka N, akaivuta fimbo fupi kwa mikono miwili, kisha akachagua R. Gari likaguna, likatetemeka, likaanza kupanda kinyumenyume, shibiri kwa shibiri, yeye macho kwenye kioo cha pembeni, jasho likimtiririka mgongoni. Alisimama pale tu aliposikia changarawe za barabara chini ya matairi.

Eddy alifika akihema. Akavuta mlango, ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akagonga kioo.

Régine akakishusha kiasi cha vidole viwili.

“Unaenda wapi, shemeji?” Régine akamwuliza, kama dereva anavyomwuliza abiria.