Kibuyu cha Mwalimu Kyungu

Kazadi alisimama mlangoni mwa darasa akikitazama kwa jicho la pembeni kibuyu kilichokuwa juu ya meza ya mwalimu. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye karakana ya reli, mikono bado ina grisi, aje kumtoa bintiye shuleni.

"Ile kibuyu njo ya bilumbu," alisema. "Mutoto wangu hatabakia humu."

Mwalimu Edmond Kyungu alijiona mjinga. Alikuwa amekichukua jikoni kwa mkewe, akatia maharagwe matatu mekundu na moja jeupe, apate kufundisha uwezekano wa jambo kutokea. Hakukumbuka kwamba mji mzima wa Kamina ulijua ni nani wanaotikisa kibuyu na kusoma majibu ndani yake: bilumbu, waganga wa Kiluba. Msomi mzima, tena Mluba, kasahau! Sasa wazazi wengine walikuwa nje wakingoja kuona Kazadi atafanyaje. Akimwondoa Salomé, mwenye kichwa chepesi kuliko wote, kesho madawati yangekuwa matupu.

Kyungu alifungua kinywa ajitetee, lakini Salomé alikuwa amekwisha simama. Alimwomba baba yake, kwa heshima zote, achote haragwe moja bila kutazama. Kazadi alisita. Kisha, kwa mazoea aliyodhani ubatizo ulikwisha yafuta, akakiinamia kibuyu na kukinong'oneza. Akachota. Likatoka jeupe.

Kazadi akarudi nyuma, kana kwamba kibuyu kimemjibu. Kyungu alitamani sana kueleza, akajizuia.

"Rudisha, tata," Salomé alisema. "Tikisa, ukamate ingine. Usiiambie kitu."

Likatoka jekundu. Jekundu tena. Kazadi alichota na kurudisha hadi mkono ukachoka, na jeupe lilijitokeza kama mara moja katika kila nne, awe amenong'ona au amenyamaza.

"Nyeupe iko moja tu, tata. Inaweza kutoka hata mara ya kwanza. Ile haiseme kama kibuyu inakusikia."

Kyungu alijaa fahari hadi machozi yakamlengalenga. Yeye mwenyewe hakuwahi kulieleza somo vizuri hivyo, na hakuona wivu hata kidogo.

Kazadi alifuta mikono kwenye suruali, akatoka bila kuaga, peke yake. Kupitia dirishani Kyungu alimsikia akiwaendea wazazi waliokuwa wakingoja.

"Mulisikia?" aliwauliza. "Ule mwenye kusema, njo mutoto wangu."