Milango ya Bi Mkubwa

Katika familia yetu mtu hafungui mlango wa gari mpaka mwenzake awe amekwisha kufunga wake. Tulifundishwa hivyo pamoja na kusalimia wakubwa, na mpaka leo mimi husimama nje ya teksi nikimngoja dereva aketi, afunge, atulie, huku naye akinitazama kama mtu aliyetoroka mahali fulani. Tuliamini kuwa huo ni ustaarabu. Ulianzia kwa babu, katika gari lake la spoti, jekundu, la viti viwili, ambalo sote tuliliita Bi Mkubwa, akiwemo bibi yetu, aliyekuwa na kila sababu ya kulikataa jina hilo.

Kaka yangu alijiandikisha kuliendesha katika mashindano ya magari ya kale: mwendo wa kasi kupanda mlima, barabara nyembamba, kona baada ya kona, na korongo upande wa kushoto. Waandalizi waliomba historia fupi ya gari ili isomwe kwenye kipaza sauti. Nilipewa kazi hiyo mimi, kwa sababu baba aliona kwamba mtu asiyeamini chochote angefaidika kuandika, walau mara moja, jambo lisilo na shaka.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: babu, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, alilichukua gari likiwa jipya bandarini na kuliendesha mpaka nyumbani bila kusimama. Nilichotafuta kilikuwa rangi yake ya mwanzo tu. Asubuhi ya mashindano, nikiwa sijapata watu wawili wanaokubaliana, nilikwenda kwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Nilimkuta anapiga pasi.

"Shangazi, gari lilipofika nyumbani lilikuwa na rangi gani?"

"Lilipofika mara ya kwanza, au ya pili?"

Nilimuuliza gari linafikaje nyumbani mara mbili.

"Kwanza lilikuja la mbele, nusu tu, juu ya lori, kijani. La nyuma likafuata baadaye, jeupe. Marehemu babu yenu akajifungia nayo bandani, cheche zikiruka, akatoka na jekundu. Kwani nyie hamjui?"

"Baba anasema liliendeshwa kutoka bandarini."

"Baba yako alikuwa ananyonya. Bandari kaionea wapi?"

"Na hukusema miaka yote hii?"

"Nani aliniuliza? Mkija hapa mnauliza kama chai ipo." Alikunja mkono wa shati, kisha akakunja uso. "Ila yeye mwenyewe alikuwa analiendesha kama kabeba mayai. Kwa nini unauliza leo?"

"Kaka analipandisha mlimani. Leo."

Aliisimamisha pasi. "Basi unafanya nini hapa kwangu? Kimbia, wewe!"

Nilikimbia, jambo ambalo si desturi yangu. Nilipofika bandani nyumbani kwetu, injini ilikuwa imekwisha kuwashwa. Baba, ndani ya suti, alikuwa akifuta boneti iliyokuwa safi tangu juzi. Kaka alikuwa ameketi kwenye usukani, kofia ngumu kichwani, mlango wake wazi.

"Mwandishi huyo," alisema kaka. "Umetuletea sifa zetu?"

"Zima gari. Hili ni magari mawili. Babu aliyaunga."

Kitambaa cha baba kilisimama. "Umeanza."

"Shangazi aliona kwa macho yake."

"Dada yangu hata funguo zake hajui ziko wapi, leo atajua mambo ya chesisi? Mtu anakwenda kutuheshimisha, wewe unaleta uzushi mlangoni. Unamwita baba yangu mwongo?"

Nilikumbuka sheria ya babu ya milango. Nilizunguka na kuufungua mlango wa pili, huku wa kaka ukiwa bado wazi. Sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kufanya hivyo. Gari lilitoa mlio mfupi, wa chini, kama mtu anayeamka na mgongo mbaya.

"Funga!" alisema baba.

Nilijaribu. Mlango haukuingia, ulikuwa umeshuka, na kitasa kilikuwa kinagonga chini ya tundu lake. Kaka alivuta wa kwake. Nao ukakataa. Niliinua zulia la miguuni, lililokuwa limegundishwa, likachanika. Chini yake, kutoka mlango mmoja hadi mwingine, chini ya tabaka nene za rangi, ulipita mshono wa chuma. Ulikuwa umenyooka na mzuri, wa kazi ya mtu anayejua anachokifanya. Mpasuko mwembamba ulikuwa umeanza kutambaa pembeni mwake.

Kaka aliinama, akautazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

"Mageti ya babu yamesimama hadi leo," alisema.

"Mageti hayapigi kona."

Sikupata hata tabasamu, wala sikuwa nikiliomba. Kaka alimgeukia baba. "Mzee, wewe unasemaje?"

"Gari ni zima."

"Basi panda."

Baba alitazama suti yake, kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. Kisha, kwa kuwa ni baba, alipanda. Aliushika mlango kwa mkono ili usifunguke, kaka akaushika wa kwake, na Bi Mkubwa akaanza kutoka bandani na wanaume wawili walioketi ndani huku mikono yao ikimkumbatia kwa nje. Nilitembea ubavuni nikisema maneno ambayo hayakuwa na faida. Nilikuwa nikiutazama ule mpasuko.

Kwenye geti kulikuwa na mfereji mdogo wa maji. Magurudumu ya mbele yalishuka, yakapanda. Halafu ya nyuma yakashuka, na sehemu ya katikati ikafuata, peke yake. Mlio wa safari hii haukuwa mfupi. Kioo cha mbele kilipata ufa kutoka pembe hadi pembe.

"Simama," alisema baba.

Kaka alizima. Hakuna aliyeshuka. Baba alikuwa ameweka kiganja kifuani kwa kaka, kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara, na hakukiondoa.

"Wapigie waandalizi," aliniambia bila kugeuka. "Waambie hatuji."

Nilipiga. Mtu wa upande wa pili alisikitika sana na akataka kujua sababu, ili aitangaze. Nilifungua kinywa nimweleze ukweli, ambao nilikuwa na ushahidi wake wote mbele yangu. Baba alinitazama kupitia kioo kilichopasuka, mkono ukiwa bado kifuani kwa kaka.

"Klachi," nilisema. "Imekufa asubuhi hii."