Joto la Vidole

Mjomba alistaafu kufundisha fizikia, ila fizikia yenyewe ilikataa kustaafu. Miaka sita alikuwa akikiingiza kipande cha metali ya kijivu, kinene kama kidole gumba, katikati ya sumaku mbili kubwa za karakanani kwake. Kikiingia kinapata joto, kikitoka kinapoa, lakini hubaki joto kidogo la ziada. Kwa hilo la ziada angeunda jiko lisilohitaji moto. Majirani walimcheka mpaka wakachoka, yeye hakuchoka. Asubuhi hiyo wakaguzi wa chuo walikuwa njiani kuja kulithibitisha joto hilo.

Mpwa wake, fundi wa vipimo, alipitia daftari mara ya mwisho, na alichokiona kikamkata maini. Siku mjomba alipovaa glavu, joto la ziada halikuwepo. Koleo la chuma alilotumia mwanzoni liliwahi kunaswa na sumaku likambana mkono, na tangu hapo alikishika kipande kwa vidole vitupu. Na vidole vina joto lake.

Angeweza kunyamaza. Lakini heri lawama kuliko fedheha.

"Mjomba," alisema, "hilo la ziada ni joto la vidole vyako."

Mzee akaomba uzi. Wakakining'iniza kipande. Kikaingia, kipimajoto kikapanda nyuzi tatu. Kikatoka, kikashuka nyuzi tatu zile zile. Hakikubakiza hata chembe. Mpwa alishindwa kumtazama usoni.

"Hebu kiguse," mjomba akamwambia, "kikiwa kinaingia."

Akakigusa. Kikapata joto chini ya kidole chake, ghafla, bila moto, bila waya, kama kitu kilicho hai. Mwili ukamsisimka. Miaka yote alikuwa akiandika namba tu. Mjomba akamweleza taratibu kwamba mle ndani mna chembe zisizohesabika zinazozunguka kama pia za watoto, ndogo kupita kiasi, kila moja ikielekea kwake, na sumaku ikizielekeza upande mmoja, fujo yao hugeuka joto.

"Zote hizo zinatii?" aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Nyingi. Mpaka leo huwa sielewi vizuri."

Mlango ukagongwa. Mjomba alifuta neno "jiko" ubaoni kwa kiganja, akajipangusa, akaenda kufungua.

"Karibuni," aliwaambia wakaguzi. "Jiko hakuna, nilikosea. Ila nipeni vidole vyenu."