Nusu Mbili za Vénuste

Filamu ilifika Gisenyi mwezi wa saba mwaka 1999, ndani ya mkoba wa Gentil. Gentil alikulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kilinyooka kama cha redioni. Miaka miwili kabla, ndiye aliyekuwa mkalimani wa Wazungu waliopita mjini wakiwauliza watu habari za mauaji ya 1994 ili watengeneze filamu hiyo.

Laurence, muuza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, alikaa na wageni hao siku mbili nzima. Aliwasimulia jinsi mumewe Vénuste, mvuvi, alivyowavusha Watutsi kumi na mmoja kwa mtumbwi hadi Goma, ng'ambo ya mpaka. Aliwavusha mchana, mvua ikinyesha, maana mvua ilipopiga, wauaji waliuacha ufuko wakakimbilia kwenye mabaraza ya maduka. Alifanya safari tatu. Ya nne hakurudi. Mwili wake ulipatikana kwenye matete siku mbili baadaye, na mikono imefungwa.

Kwa hiyo siku filamu ilipoonyeshwa katika ukumbi wa parokia, Laurence alivaa kitenge chake kipya akakaa mstari wa mbele na binti yake Keza, wa miaka kumi na mitatu. Wavuvi walijaa nyuma. Gentil alisimama kando ya kitambaa cheupe akitafsiri, na maneno ya kwanza aliyoyasoma yalikuwa: "Hiki ni kisa cha kweli."

Ziwa halikuwa Kivu. Wavuvi walilijua hilo mara moja, na mamba alipojitumbukiza majini ukumbi mzima ulicheka.

"Mamba mu Kivu!" mmoja alipiga kelele. "Ametoka wapi, huyo? Alikuja na viza?"

Laurence naye alicheka. Kisha akatokea mtu mwenye rungu, amesimama kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani walipokamatiwa watu, na mwenzake akamwita Vénuste.

Laurence aliacha kucheka.

Vénuste wa filamu alikuwa na macho ya kukimbiakimbia. Alikubali kuwavusha watu, lakini alipoona askari ufukoni alijirusha majini akawaacha. Hapo mwalimu mmoja Mzungu, jina lake Jack, nywele zimemgandia usoni, alishika kasia. Alipiga kasia hadi upande wa pili. Laurence aliwahesabu waliokuwa mtumbwini. Walikuwa kumi na mmoja.

"Mama," Keza alinong'ona akimwonyesha aliyepewa jina la baba yake, "ule ni papa yangu?"

"Hapana. Ule haiko papa yako."

Watu walipiga makofi. Wengine waligeuka kumtazama Laurence, halafu wakatazama pengine.

Filamu ilipokwisha, Laurence alimkuta Gentil akizungusha nyaya zake.

"Jack ni nani? Mi niliishi hapa miaka yote. Hakukuwa Jack."

"Mama Keza, naomba unielewe. Wale Wazungu walisema watu wa kwao wanahitaji mtu wa kwao wa kumfuata. Tena walisema mtu mmoja akiwa mbaya na mwema kwa pamoja, mtazamaji anachanganyikiwa. Wakawafanya kuwa wawili."

"Donc, basi, wakamugawa bwana yangu kama samaki. Nyama wakapa Muzungu, matumbo wakaachia jina yake."

Gentil aliinamisha kichwa. "Jack wamemtunga. Mamba wamemtunga. Lakini bariyeri hawakuitunga, mama. Umutesi, yule aliyevushwa, ndiye aliyewaeleza."

Katika siku zile mbili za maswali, Laurence mwenyewe neno bariyeri hakulitaja hata mara moja.

Jumatatu Keza alirudi kutoka shule na ukosi wa sare umechanika. Darasani walikuwa wamempa jina: Bariyeri.

Kesho yake Laurence alipanda kwa miguu hadi mji mdogo wa Nyundo. Umutesi alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Sasa alifundisha ushonaji, na Laurence alimkuta akipalilia maharage nyuma ya nyumba yake. Umutesi alimkumbatia, akamletea kigoda. Laurence hakukaa.

"Uliwaambia nini, wale watu?"

"Niliwaambia yote, Mama Keza. Kwamba siku tatu alisimama pale na rungu. Kwamba siku ya nne alikuja kunitoa darini akanifunika na nyavu mtumbwini. Yote mawili. Wao ndio waliochagua."

"Ungeficha ile moja. Mutu aliyekuponya!"

Umutesi aliweka jembe chini. "Nifiche? Mama yangu aliuawa kwenye bariyeri ile ile."

"Vénuste alikuwa pale?"

"Alikuwa pale. Mkono wake sikuuona. Nilikuwa darini, niliona migongo tu. Mmoja ulikuwa wake."

Sasa Laurence alikaa. Umutesi alisema habari ya Jack aliisikia miezi kadhaa kabla, akawaandikia wale wa filamu. Walimjibu kwa barua nzuri, wakamshukuru, wakasema filamu si mahakama.

"Mutoto yangu wanamupiga kule shuleni," Laurence alisema. "Kuja uwaambie nani alishika kasia."

"Nitakuja. Lakini nikija nitasema yote."

Laurence alishuka Gisenyi. Hasira yote aliyoibeba dhidi ya Wazungu ilikuwa bado ipo, na ilikuwa ya haki, lakini sasa haikumtosha. Wao walikuwa wameonyesha nusu. Yeye pia, siku mbili nzima, alikuwa amewapa nusu.

Alimkuta Keza akisuuza ndoo za samaki uani. Akamweleza, wakiwa wamesimama vile vile: mvua, safari tatu, matete, na zile siku tatu zilizotangulia. Alisema wauaji walipita mlango kwa mlango wakamchukua Vénuste, kwamba aliyekataa alipigwa.

Keza alisikiliza mpaka mwisho.

"Na pale bariyeri alifanya nini?"

"Sijui."

"Haukumuuliza?"

"Hapana."

"Juu ya nini haukuuliza?"

"Alikuwa anarudi na njaa," Laurence alisema. "Nilikuwa namupa chakula."

Keza alimaliza ndoo, akazigeuza chini juu zikauke, akatoka. Siku hiyo alikula kwa jirani.

Asubuhi Laurence alimtumia Umutesi ujumbe kwa dereva wa minibasi: kuja, sema yote.

Umutesi alikuja Ijumaa. Alisimama mbele ya darasa la Keza, mikono nyuma, akasema yote kwa mpangilio, bila kulia. Alipofika kwenye bariyeri mwalimu alikohoa akamwomba apite haraka, lakini yeye hakupita haraka. Laurence alisimama mlangoni, na kila neno kuhusu zile siku tatu lilimwingia kama mwiba wa samaki, lakini hakuondoka. Kisha Umutesi akasema mtumbwi ulikuwa wa Vénuste, kasia la Vénuste, na aliyekufa ni Vénuste.

Msichana mmoja wa mstari wa pili aliinua mkono.

"Na Jack?"

"Jack hakuwapo. Hakuna mtu kama huyo."

"Lakini tulimuona," msichana alisema. Hakuwa na ubishi wowote. Alisema kwa upole, kama anayemsaidia mtu mzima aliyesahau. Wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Umutesi alimtazama Laurence, Laurence akatazama sakafu. Mwalimu alimshukuru mgeni, akawaambia watoto watoe madaftari ya hesabu.